Uliza Ujibiwe: Kitenzi cha "kusikia" cha Wamisri wa kale

Wasomaji wangu wa Tabora, Kigoma na kwingine kote, habari za masiku. Toleo lililopita nilichomekea tu kwamba mtu akienda kusoma Kimisri cha kale, kile cha mafarao, kitenzi cha kwanza watakachomkalisha nacho ni sedjem, yaani kusikia, afu nikaendelea na mambo yangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Ujumbe umemiminika, wengine wamejaza kurasa kabisa, kwaiyo leo safu nzima ni hiyo hiyo, wale wa mirathi na mipaka ya viwanja nawaomba mnivumilie mpaka toleo lijalo.

Mwalimu, pole na kazi. Mi nafundisha Kiswahili sekondari huku Urambo. Hiyo sedjem ni kusikia tu basi, au ina maana zingine? Na kwa nini wakachagua hicho kati ya vitenzi vyote walivyokuwa navyo?

Nimeshapoa mwalimu mwenzangu. Haiishii kwenye kusikia sauti. Ukiiweka yenyewe ni kusikia, ukiiwekea nyuma yake kale kaneno en, ambako ni kama "kwa" yetu, inakuwa kumsikiliza mtu na pia kumtii, na hapo sidhani kama Mswahili anahitaji maelezo marefu maana sisi wenyewe tukisema "huyu mtoto hasikii" hatumaanishi apelekwe kwa daktari wa masikio. Wao walitofautisha kwa kuongeza kaneno, sisi tunarefusha kitenzi chenyewe, sikia inakuwa sikiliza, ila safari ni moja.

Maana nyingine ni ya mahakamani. Sisi tunasema kesi itasikilizwa tarehe fulani, na wao vile vile, jaji au mkubwa anayepokea malalamiko ya watu kazi yake iliitwa kusikia, na neno la mwamuzi lilitokana na kitenzi hiki hiki. Kuna mawaidha ya zamani sana yanayoitwa ya Ptahhotep, yapo kwenye karatasi ya mafunjo iliyohifadhiwa Paris, mafunjo haya haya mnayoyaona yamejaa kule mabonde ya Malagarasi, na humo ndani mkubwa anaambiwa kwamba ukiwa kiongozi uwe mtulivu unapomsikiliza mwenye shida, usimkatishe, kwa sababu aliyeonewa anataka kwanza atoe yaliyo moyoni kuliko hata hicho kitu alichokuja kuomba kifanyike. Hayo maneno ningependa yabandikwe kwenye kila ofisi yenye benchi la kusubiria, ila tuendelee.

Afu kuna cheo. Mafundi waliochonga na kupaka rangi makaburi ya wafalme kwenye Bonde la Wafalme waliishi kwenye kijiji chao ng'ambo ya mto kutoka Luxor ya leo, panaitwa Deir el-Medina, na cheo chao kilikuwa sedjem-ash, msikia mwito, yaani mtumishi, mtu ambaye akiitwa anaitika. Hao hao wasikia mwito ndo waliogoma mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III kwa sababu posho yao ya nafaka ilichelewa, wakatoka wakaenda kukaa nyuma ya mahekalu, na ule mgomo uliandikwa, ndo wa zamani kuliko yote tunayoijua kwa maandishi. Kwaiyo hata msikia mwito naye uvumilivu wake ulikuwa na mwisho.

Kitu kimoja sedjem haifanyi ambacho sikia yetu inafanya: sisi tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia baridi. Wao harufu walikuwa na vitenzi vyake, kimojawapo ni sen, ambacho cha ajabu ndo hicho hicho cha kubusu.

Kuhusu kwa nini kimechaguliwa hiki, sababu ni ya kikazi tu. Kimisri waliandika konsonanti, vokali hawakuandika. Sedjem ina konsonanti tatu, s, dj ambayo isome tu kama j ya jambo, na m, zote ngumu, hazidondoki wala hazijirudii popote utakapokipeleka hicho kitenzi. Chukua mery, kupenda, au iri, kufanya, hivyo konsonanti yake ya mwisho ni dhaifu, mara ipo mara haipo, mara ya kati inajirudia, mwanafunzi wa wiki ya kwanza atakimbia darasa. Sedjem imetulia. Kwaiyo hata majina ya nyakati wataalamu wameyaita kwa kitenzi hiki, utasikia mtu anasema "hii ni sedjem.ef ya iri" na wala hakuna kusikia hapo, anamaanisha umbo.

Assalaam alaykum Mwalimu. Naandika kutoka Ujiji. Hizo nukta unazoweka, sedjem.ef, zina maana gani? Na mtu anasemaje mimi nasikia, wewe unasikia?

Waalaykum salaam. Nukta tumeziweka sisi wa leo ili kutenganisha kitenzi na viambishi, kwenye mawe hazipo. Na hizo e nazo ni za kuazima, wataalamu wanazichomeka ili mdomo upite, maana huwezi kutamka sdjmf ukabaki salama.

Sisi mtenda tunamweka mbele, ni-nasikia, u-nasikia. Wao walimweka nyuma. Sedjem.i ni nasikia, sedjem.ek unasikia ukiwa mwanaume, sedjem.etj unasikia ukiwa mwanamke, sedjem.ef anasikia yeye mwanaume, sedjem.es anasikia mwanamke, afu wingi wao sedjem.en tunasikia, sedjem.etjen mnasikia, sedjem.esen wanasikia. Hapo wanatuzidi kwa kubagua mke na mume, sisi "anasikia" yetu inambeba yeyote.

Na wewe wa Ujiji, kama umepita madrasa, hebu ziangalie tena hizo herufi za mwisho. Rabbii, Mola wangu. Rabbuka, Mola wako. Rabbunaa, Mola wetu. I, k, n. Hiyo sio bahati, Kimisri na Kiarabu ni ukoo mmoja mkubwa wa lugha na hivyo viambishi ni urithi wa pamoja. Na kama Kiarabu, vilivyomaliza kitenzi ndo hivyo hivyo vinavyoonyesha mali: per ni nyumba, per.ef nyumba yake, per.ek nyumba yako. Kwaiyo sedjem.ef ukiitazama kwa jicho la nusu unaweza ukaiona kama "kusikia kwake", na wapo wataalamu wanaodhani ndo ilikoanzia.

Mtenda akitajwa kwa jina kile kiambishi kinaondoka, jina linakaa pale pale nyuma ya kitenzi. Sisi tunasema "mtu anasikia" na lile a- linabaki, wao walisema sedjem remetj, anasikia-mtu, imeisha. Hilo litunze, tutalihitaji huko chini kwa mvuvi mwenye boti.

Mwalimu shikamoo. Mi nimemaliza form six, niko Isevya hapa Tabora mjini, nasubiri chuo. Nimepakua somo la Kimisri la Kiingereza na nilikuwa naenda vizuri mpaka nikafika kwenye kukanusha. Wanasema sedjem.en.ef ni "alisikia", sawa. Afu wanasema ukikanusha, en sedjem.ef ndo "hakusikia", na en sedjem.en.ef ni "hasikii". Si wamegeuza? Ile .en ya wakati uliopita imeendaje kwenye wakati uliopo? Nimeona na watu wengine wanalalamika hapo hapo.

Marahaba mwanangu. Hawajageuza, ndivyo ilivyo, na ina jina, inaitwa kanuni ya Gunn, kwa sababu Mwingereza Battiscombe Gunn ndo aliyeionyesha wazi mwaka 1924. Kabla yake watu walikuwa wanatafsiri kwa kubahatisha.

Ila kwanza tusafishe macho. Hapo kuna en mbili na kwa herufi zetu zinafanana, kwenye jiwe wala hazifanani. Ile .en ya katikati inaandikwa kwa mstari wa mawimbi ya maji. En ya mbele, ya kukana, inaandikwa kwa mikono miwili iliyotandazwa, kama mtu anayesema "mi sina, mi sijui". Ukiona mikono jua kuna sio.

Sasa ile kulalamika. Anayelalamika anatokea kwenye Kiingereza, ambako kukanusha ni kuchomeka neno la hapana na wakati unabaki ule ule. We ni Mswahili, hebu jiulize unakanushaje. Anasikia. Kinyume chake? Hasikii. Ile -na- iko wapi? Imepotea, na mwishoni imetokea i. Alisikia. Kinyume chake hakusikia. Ile -li- imeenda wapi, na hiyo -ku- imetoka wapi, si ndo hiyo hiyo ya kutaja kitenzi, kusikia, kula, kulala? Amesikia, kinyume chake hajasikia, -me- imeondoka imekuja -ja-. Hakuna hata kimoja hapo ambacho kimekanushwa kwa kuchomeka hapana tu, kila wakati una umbo lake la kukubali na umbo lake lingine la kukataa na hujawahi hata siku moja kulalamika. Kwaiyo ushauri wangu, na huu ndo msimamo wangu kwenye jambo hili zima, achana na jedwali la Kiingereza, chora la kwako la Kiswahili. Utaona vitu vinakaa vyenyewe.

Tuanze. En sedjem.ef, hakusikia. En sedjem.en.ef, hasikii, na mara nyingi ndani yake kuna harufu ya "hawezi kusikia", sio kwamba leo tu hakusikia bali huyu kwa kawaida hasikii. Ukiweka mikono pamoja na mawimbi ya maji chini yake, ambayo tunaisoma nen, afu sedjem.ef, hiyo ni hatasikia. Na kukataza ni m mbele ya kitenzi, em sedjem, usisikie, wakati kuamrisha ni sedjem peke yake, sikia.

Sasa subiri ile tamu. Kuna umbo linaitwa sedjem.et.ef, lina t katikati, na kazi yake ni chache mno, inatokea hasa baada ya maneno mawili matatu. Ukiweka mikono mbele, en sedjem.et.ef, ni hajasikia. Sio hakusikia, hajasikia, bado, pengine atasikia. Kiingereza hapa inabidi kitumie maneno lukuki, sisi tuna -ja- na kazi imekwisha. Na ukiweka er mbele, er sedjem.et.ef, ni mpaka asikie.

Na hiyo en sedjem.et.ef ndo waliyoitumia kusema "kabla". Kuna hadithi ya baharia aliyenusurika chombo chao kilipozama, ya zamani mno, anajisifia mabaharia wenzie 120 waliokuwa kwenye jahazi la urefu wa dhiraa 120, anasema walikuwa na moyo kuliko simba na walikuwa wanatabiri upepo en iit.ef, dhoruba en kheperet.ef. Ukiyafungua maneno moja moja ni upepo "haujaja", dhoruba "haijatokea". Na maana yake, kabla upepo haujaja, kabla dhoruba haijatokea. Umeona? Mzungu akijifunza Kiswahili hapo ndo anapogota, anauliza kwa nini mnasema kabla halafu mnakanusha, kabla hajaja, si mseme kabla amekuja. Na sisi hatujui la kumjibu, ndo tunavyosema. Mmisri angetuelewa hapo hapo bila mkalimani: kitu ambacho kinatangulia kingine, kile kingine wakati huo bado hakijawa. Mvuvi wa Kigoma akiambiwa "toa nyavu kabla upepo wa lukuga haujaanza" anasikia jambo lile lile alilosikia baharia.

Mengine nayapitia haraka. Sedjem.in.ef ni akasikia, -ka- yetu ya kusimulia, hadithi zao zimejaa djed.in hem.ef, mfalme akasema. Usidanganyike na sedjem.ka.ef, ina ka lakini sio -ka- yetu, hiyo ni ya mbele, "basi hapo atasikia". Sedjem.kher.ef ina ulazima ndani yake, inabidi asikie, na utaikuta zaidi kwenye vitabu vya waganga na vya hesabu, kwa mfano ule mkusanyiko wa hesabu alionakili mwandishi Ahmose, uko makumbusho ya Uingereza London, hatua nyingi ni ir.kher.ek, inabidi ufanye hivi, inabidi ufanye vile, kama mwalimu wa hesabu mwenye kiboko. Sedjem.tu.ef ni anasikiwa, ile tu ndo inayofanya kazi ya -w- yetu. Na kuna umbo la hali, lina viambishi vyake tofauti, ukitaka kulielewa fikiria "amelala" na "imevunjika", sio tendo linalotendeka bali hali iliyobaki baada ya tendo.

Kitu kinachobaki kuwa kigumu, na hapo Kiswahili hakitakuokoa, ni sedjem.ef tupu. Inaweza kuwa anasikia, inaweza kuwa asikie, inaweza kuwa alisikia. Wao wenyewe walitofautisha kwa vokali, na vokali hawakutuandikia. Kwaiyo unaangalia sentensi nzima, unaangalia mbele kuna neno gani, afu unaangalia vitenzi vyenye konsonanti dhaifu vilivyo jirani, maana vile vinajirudia kwenye baadhi ya nyakati na hivyo vinakuchomea siri. Wataalamu wamegombana hapo miaka na miaka na bado wanagombana, hasa tangu mtaalamu Hans Jakob Polotsky alipopindua meza mwaka 1944 kwa kuanzia kwenye Kikopti, yaani Kimisri cha uzeeni chenye vokali, na kurudi nyuma.

Sasa kama vokali hazikuandikwa, Mwalimu, nani alijua inatamkwaje? Mi naona mnatunga tu. (Msomaji, Kasulu)

Tunatunga kiasi, sikatai. Sedjem ni matamshi ya darasani, farao mwenyewe akiisikia anaweza asiitike. Lakini Kimisri hakikufa ghafla, kilizeeka kikawa Kikopti, ambacho kiliandikwa kwa herufi za Kigiriki pamoja na chache za nyongeza, na herufi za Kigiriki zina vokali. Kikopti bado kinasomwa kanisani kwa Wakristo wa Misri mpaka leo, na ndicho kilichomsaidia Mfaransa Champollion alipoyafungua yale maandishi ya picha mwaka 1822. Kwa Kikopti kusikia ni sotem, o ya kuvuta. Dj imelainika ikawa t, s na m zipo pale pale baada ya miaka elfu na elfu.

Ila kinachonifurahisha mimi ni jinsi kilivyogeuka. Zamani sedjem.ef, mtenda nyuma. Ikaja tabia ya kutumia kitenzi cha kufanya kama msaidizi, iri.ef sedjem, alifanya kusikia, taratibu ile iri ikamomonyoka ikabaki a tu, na mwisho wa safari Mkopti anasema afsotem, alisikia. Ichambue: a ya wakati uliopita, f ya yeye, sotem kitenzi. Viambishi vyote vimehamia mbele vimejipanga foleni, kama a-li-sikia, tofauti ni kwamba kwao wakati unatangulia na mtu anafuata. Shafsotem, husikia, kwa mazoea. Na mpatefsotem, hajasikia, ambayo ni mjukuu halali wa ile sedjem.et.ef niliyomweleza kijana wa Isevya, yaani "bado" yao ilidumu mpaka mwisho. Sisi nasi -ta- yetu ilikuwa kitenzi kizima, taka, ikamomonyoka vivyo hivyo.

Kwaiyo Mwalimu unakiri sasa kwamba Kiswahili kimetoka Misri! Mi nilishasema siku nyingi. (Msomaji, Nzega)

Hapana kaka. Kiswahili ni Kibantu, ndugu zake ni Kinyamwezi, Kiha, Kizaramo na wenzao. Kimisri kiko ukoo wa kina Kiarabu, Kisomali, Kihausa, na ukitafuta ndugu wa Kimisri ndani ya Tanzania nenda Mbulu kwa Wairaqw, lugha yao ni ya Kikushi na Kikushi kiko kwenye ukoo huo huo mkubwa. Lugha mbili zinaweza kufikia njia moja ya kusema "bado" bila kuzaliwa nyumba moja. Kufanana ninakokusema mimi ni kwa msaada wa kujifunzia, ukitaka kuthibitisha undugu inabidi ulete sauti zinazolingana neno kwa neno kwa utaratibu, kama zile i, k na n za Kiarabu, sio neno moja moja lililookotwa.

Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wanne, Sikonge. Umesema hao watu waliandika mawaidha kuhusu kusikia. Hebu tupe kidogo niwasomee wanangu, maana hawa wa kwangu masikio wanayo ila kazi yake siioni.

Pole mama, na hongera kwa malezi. Mwisho wa yale mawaidha ya Ptahhotep unakuwa kama mtu amekwama kwenye neno moja, sedjem, sedjem, sedjem, mistari kwa mistari, anasema kusikia kunamfaa mtoto anayesikia, kusikia ni bora kuliko vyote. Ukisoma tafsiri unachoka, ukisoma yenyewe unaona mzee anacheza, kila mara kitenzi amekivalisha umbo jingine.

Mstari wa kuwasomea wanao ni huu: mereru netjer pu sedjem, en sedjem.en mesdjedju netjer. Anayependwa na Mungu ndiye anayesikia, anayechukiwa na Mungu hasikii. Na kijana wa Isevya kama bado yupo aangalie hapa, kanuni ya Gunn imekaa kwenye mstari wenyewe: en mbele, .en nyuma, maana yake hasikii, sio hakusikia. Ingekuwa hakusikia, mzee angekuwa anasimulia kisa cha siku moja, kumbe anaeleza tabia. Na vile vitenzi dhaifu vinavyojirudia ndo hivyo, mery imekuwa merer-, na cha kuchukia dj yake imekuwa mbili.

Ila mama usiishie hapo wanao wakadhani yameshaandikwa. Mzee anaongeza palepale kwamba ni moyo ndio unaomfanya mwenye nao awe msikivu au asiyesikia. Moyo kwao ndo ulikuwa pia akili, mahali pa kufikiria na kuamua. Kwaiyo mtoto hana pa kukimbilia.

Mwalimu kwema? Mi mvuvi wa dagaa, Kibirizi, Kigoma. Boti yangu ipo kwa fundi inapakwa rangi na nataka ubavuni iandikwe "Mungu anasikia" kwa hayo maandishi ya picha, hakuna mwenye nayo ziwa zima. Shida nimetafuta kwenye simu naona kuna bundi na nyoka, na mama yangu kasema bundi kwenye boti yake haingii. Nifanyeje?

Kwema kabisa mvuvi. Mama yako asikilizwe, na sarufi iko upande wake.

"Mungu anasikia" kwa maana ya kila siku ni iu netjer sedjem.ef. Iu inaandikwa kwa tete moja la unyasi na kifaranga cha kware. Netjer, mungu, ni kama mti wenye kitambaa kinachotoka pembeni juu, bendera hivi. Sedjem ni sikio la ng'ombe na bundi. Na .ef ni nyoka mwenye vipembe, huyo ndo uliyemwona. Kwaiyo ulichokiona kwenye simu ni sahihi, bundi ni m na nyoka ni yeye.

Sasa bundi anaondoka hivi. Lile sikio peke yake limebeba konsonanti zote tatu, s, dj na m, bundi anawekwa kumkumbusha msomaji tu kwamba mwisho kuna m. Ukimtoa, sikio bado linasomeka sedjem. Nyoka anaondoka kwa kubadilisha sentensi: badala ya anasikia weka "Mungu amesikia", iu sedjem.en netjer. Si unakumbuka nilivyomwambia ndugu wa Ujiji, mtenda akitajwa kwa jina baada ya kitenzi kiambishi hakiji, kwaiyo .ef haina kazi na nyoka anarudi kwake. Na badala yake inaingia .en ya wakati uliopita, ambayo ni mstari wa mawimbi ya maji, kwenye boti imekaa kuliko nyoka. Mfululizo wako ni tete, kifaranga cha kware, sikio, mawimbi, bendera. Alama tano, fundi hawezi kukuchaji sana.

Afu mwelekeo. Viumbe kwenye maandishi hayo huangalia pale sentensi inapoanzia, kwaiyo kifaranga aangalie mbele ya boti na maandishi yaanzie mbele kuja nyuma, pande zote mbili. Upande wa kulia wa boti, mtu akisimama nje atasoma kutoka kulia kwenda kushoto, ambao ndo ulikuwa mwendo wao wa kawaida, na upande wa kushoto iwe kinyume chake kama kwenye kioo, na wao wenyewe walifanya hivyo kwenye miimo ya milango yao. Fundi akikopi mchoro mmoja pande zote mbili, upande mmoja kifaranga atakuwa anarudi nyumbani wakati boti inaenda kuvua.

Na sikio mwambie kabisa ni la ng'ombe, limechongoka. La binadamu nalo lipo kwenye maandishi yao ila ni alama nyingine, hiyo inasomeka sikio lenyewe la kichwani, na boti yako itakuwa haisemi tena kwamba Mungu amesikia.